Siku Tisini za Presha

Kabla mwanaume hajavua viatu mlangoni kwangu, namwambia ukweli wangu. Hiyo ndiyo kanuni yangu na nimeishika miaka minane, ingawa katika miaka yote hiyo waliofika hatua ya kuambiwa ni wawili tu. Wa kwanza alikumbuka ghafla kwamba ameacha jiko linawaka. Wa pili ni Presha.

Mimi nashona viti vya magari. Niko kwenye yadi moja ya gereji, mlangoni kabisa, chini ya paa la bati: cherehani kubwa ya kushonea ngozi, meza ya kukatia, magunia mawili ya sponji, na siku zote kuna kiti cha gari la mtu kimelala chali, springi nje, kinanisubiri. Wananiita Fundi Viti. Ndani zaidi yuko fundi betri, ambaye habari ikimfikia asubuhi, mchana imeshazunguka yadi nzima na kurudi ikiwa imenenepa. Mkabala na mimi, hatua kumi tu, yuko fundi tairi. Huyo ndiye Presha. Walimpa jina hilo kwa sababu hakubali kupima upepo kwa kubonyeza na kidole kama wenzake. Ana kipimo chake mfukoni, na ukimwambia "imetosha" kabla hajapima, atakutazama kama umemtukana mama yake.

Ni mtu wa miaka arobaini na mitano, hana makuu, mkewe alikwenda zake zamani. Kwa mwaka mzima alikuwa akiniletea maji ya kunywa bila kuombwa, na mimi nilikuwa nikimtilia viraka suruali za kazi magotini. Sitazunguka mbuyu: nilimtaka.

Siku ya kumwambia nilichagua saa saba mchana, wenzetu wamekwenda kula. Nikamweleza kwamba nina virusi vya UKIMWI, kwamba nameza dawa kila asubuhi, na kwamba vipimo vyangu vya miaka sita mfululizo vinasema virusi havionekani kwenye damu, maana yake simwambukizi mtu kitandani. Nilisema yote kwa mkupuo, maana ukipumzika katikati mtu anapata nafasi ya kukuonea huruma. Alikuwa ameshika rimu. Akaiweka chini taratibu.

"Asante kwa kuniambia, Fundi," alisema. "Wengine wangenyamaza."

"Mimi si wengine."

"Najua. Na mimi si mtoto. Tutatumia kinga, maisha yaendelee."

"Kinga tutatumia. Ila nakuomba kitu kimoja. Ukiogopa, niambie mimi. Usimwambie mtu mwingine. Hapa yadini hakuna anayejua."

"Niogope nini?" akacheka.

Nilikuwa na sababu ya kuomba hivyo. Kazi yangu ni vitu ambavyo watu wanavikalia. Ukishaambiwa aliyeshona kiti chako ana nini, hata kama una akili timamu, siku ya kwanza utakikalia upande. Na wasio na akili timamu ni wengi, nao wana magari.

Jumapili akaja kwangu mchana kweupe, shati limepigwa pasi, pakiti ya kondomu tatu ameinunua mwenyewe. Ya ndani yabaki ndani. Itoshe kusema kinga ilivaliwa mapema, haikupasuka, haikuchomoka, na fundi mzima aliyezeeka akikagua mipira aliikagua kwa macho yake mawili kabla ya kuitupa. Akanipikia chai, akala, akalala akakoroma, akaondoka anapiga mluzi. Nikabaki nacheka peke yangu kama mwehu. Miaka minane, jamani.

Jumatatu maji hayakuja. Presha alinisalimia kwa mbali, huku anatazama tairi. Nikaona anajibonyeza shingo, chini ya taya, kushoto, kulia, kisha kushoto tena. Anafungua nati mbili, anajibonyeza. Mikono ya fundi tairi mnaijua. Kufika saa nane shingo yake ilikuwa na weusi mzunguko mzima, na wateja wakamuuliza kama amenyongwa. Nilijua anatafuta nini: tezi zilizovimba. Mtu amekwenda kusoma dalili kwenye simu.

Jumanne ndipo nilipoyaona makubwa. Presha alitoa kondomu moja kati ya mbili zilizobaki, akaivalisha kwenye mdomo wa mpira wa kompresa, akaifunga kwa ukanda wa tyubu kuukuu, akafungulia upepo. Kompresa ileile inayojaza matairi ya malori. Kitu kile kikavimba kikawa kama tikiti maji. Kisha akaizamisha kwenye karai lake la maji, lile analotafutia pancha, akainama juu yake kwa makini kuliko daktari wa macho.

"Presha!" fundi betri alikuja mbio, mbavu hana. "Hiyo tyubu ya gari gani?"

"Kuna mteja ameniuliza kama hivi vitu vinavuja."

"Mteja gani huyo?"

"Mteja tu. Niache."

Mapovu yakatoka. Madogo madogo, yamejipanga mstari. Nilimwona Presha uso ukimwisha rangi. Na mimi, kutoka hatua kumi, nikiwa na sindano mdomoni, niliona kile ambacho yeye, mwenye kazi yake, hakukiona: mapovu yalikuwa yanatoka pale alipofunga. Shingoni. Mpira wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Nilitaka kupiga kelele, "Kaza hapo ulipofunga, bwege wewe!" Lakini ningeulizwa imenihusu nini. Nikameza maneno. Mshono niliokuwa nashona ukaenda kombo, nikaufumua wote.

Fundi betri alipoitwa na mteja, nikavuka.

"Upepo unatoka ulipofunga," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Wewe ni fundi au kazi uliiokota?"

"Mapovu ni mapovu."

"Mteja akikuletea tyubu, valvu imelegea, wewe ukamwambia tyubu imetoboka, si atakuzaba kofi?"

Hakucheka. Alisema, macho chini, "Tyubu haiui, Fundi."

Maneno hayo yalinichoma mpaka kwenye mfupa. Juzi tu nilikuwa mwanamke aliyepikiwa chai na mtu huyuhuyu, kwa mikono hiyohiyo. Leo nimekuwa kitu kinachoua. Ningekuwa na nyundo karibu, sijui. Lakini nilimwomba mwenyewe akiogopa aniambie, na hapo, kwa njia yake ya kijinga, alikuwa ananiambia.

"Nawa mikono," nikasema. "Twende."

Nilimpeleka kliniki ninakochukulia dawa. Nesi wangu ni mwanamke mnene mwenye miwani ya kuning'iniza kifuani, na katika miaka minane sijawahi kumwona akishtuka. Presha alitoa mfuko wa plastiki, ndani yake ile kondomu, imelegea kama soksi iliyolowa.

"Hii inavuja," alisema. "Nimeipima."

"Umeipima na nini, kaka?"

"Kompresa."

Nesi alivua miwani. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akamwomba radhi, kisha akacheka tena. Presha alikaa wima, amenuna, shingo nyeusi ti. Nesi alipotulia alimweleza yote vizuri kwa utaratibu, wala hakumfanya mjinga. Kwamba kinga haikupasuka. Kwamba hata ingepasuka, mwenzake anameza dawa sawasawa na virusi havionekani, na mtu wa namna hiyo haambukizi kwa kujamiiana. Kwamba dawa za dharura za kuzuia maambukizi wanapewa waliokuwa hatarini, na yeye hakuwa hatarini.

"Kwa hiyo siwezi kuwa nimepata?"

"Hukupata, kaka."

"Lakini mapovu?"

Nesi alinitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Tukupime leo," alisema, "upime baada ya mwezi na nusu, umalizie baada ya siku tisini. Si kwa sababu ya huyu dada. Ni kwa sababu naona bila karatasi hutalala."

Presha akapima. Hana kitu. Njiani kurudi alinishika mkono, akasema samahani, akasema amepumbaa, akasema yamekwisha. Nikamwamini, kwa kuwa nilitaka kumwamini.

Hayakuisha. Kwenye ukuta nyuma ya kompresa alianza kuchora mistari kwa chaki ya tairi, mstari kila siku. Akikohoa vumbi la matairi, anatoka jasho. Akitoka jasho kwa sababu ya jua, anapima homa. Hata mwezi na nusu wa nesi hakuungoja, akawa anakwenda kujipima katikati. Alipunguza kula kwa wasiwasi, akakonda, kisha kukonda kwenyewe kukawa dalili. Jumapili hakuja tena. Alikuwa ananiambia "wiki ijayo, Fundi", na mimi nikawa napiga pasi nguo zangu za Jumapili na kuzitundika palepale. Nilikasirika, lakini pia nilimwonea huruma, na huruma ile ilinikera kuliko hasira. Mwenye virusi ni mimi, na anayebembelezwa ni yeye!

Siku ya thelathini na nne, saa nne asubuhi, akaingia yadini mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni tayari kwa vita. Nilimjua kwa pua. Walikuwa na pua moja. Dada yake mkubwa, aliyemlea. Hapo hapo nikajua kwamba Presha amesema.

"Wewe ndiye Fundi Viti?"

"Ndiye mimi. Karibu, wifi."

"Usiniite wifi! Mdogo wangu hali, halali, amebaki mifupa. Umempa nini?"

Presha alikuwa anajaza tairi. Sijui aibu au nini, akazima kompresa, na ndiyo kwanza yadi nzima ikasikia vizuri. Nyundo za wanyoosha bodi zikanyamaza. Mwenye gereji akatoa kichwa dirishani.

"Namuuliza huyu mwanamke," dada mtu alipaza sauti, "kama amewaambia nyinyi ana ugonjwa gani!"

Na hapo, niwe mkweli, nikaletewa mlango wa kutokea. Aliyeuleta ni fundi betri, mtu ambaye sikutegemea.

"Mama, utakuwa umekosea mtu," alisema, amesimama mbele yangu kabisa. "Huyu dada tunamjua. Ni mtu safi."

Ningetikisa kichwa tu. Ningesema, "Mama huyu simjui, mpelekeni akapumzike." Presha asingefungua mdomo, namjua. Yadi ingemcheka dada mtu na kesho ningeshona viti vyangu kwa amani. Lakini lile neno "safi" lilikuwa limenikaa vibaya. Ningelikubali, ningeishi nalo mle yadini kila siku, nimejitangaza mwenyewe kwamba wa aina yangu ni wachafu.

Nikasimama. Nikachukua mkoba wangu, nikatoa kopo la dawa, nikaliweka juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na chaki.

"Hajakosea mtu," nikasema. "Nina virusi vya UKIMWI. Miaka minane. Dawa zangu hizo hapo, nameza saa mbili asubuhi kabla sijawasha mashine, na sijawahi kuruka hata siku moja. Kila kiti mlichokikalia kutoka mikononi mwangu mlikikalia hivyohivyo, na aliyeumia ni yule tu niliyemsahaulia sindano ndani, na nilimwomba radhi."

Hakuna aliyecheka. Nikaendelea, maana sasa ulimi ulikuwa umeshika moto.

"Huyu mdogo wako nilimwambia mwanzo, mchana, akiwa na akili zake. Alikuja kwangu kwa miguu yake, na kinga alinunua yeye. Presha! Umepima mara ngapi?"

Akajibonyeza shingo.

"Presha, nakuuliza."

"Tatu," alisema, anaongea na tairi.

"Zimesema nini?"

"Hamna kitu."

"Sema kwa sauti, kompresa si umeshazima."

"Hamna kitu!" alipaza. "Mara zote tatu. Hamna kitu."

Dada mtu alikaza kanga yake kiunoni. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Huoni hata haya!"

"Haya nilimaliza zote mwaka wa kwanza, wifi. Nilizitumia vibaya, kwa watu ambao hawakustahili."

Akaondoka na mdogo wake, amemshika mkono kama anampeleka shule. Presha hakugeuka nyuma. Hilo liliniuma kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na nililia nalo nyumbani, sitadanganya. Nililia Jumapili nne.

Lakini yadini sikulia. Wateja wawili walichukua viti vyao vikiwa nusu, kimoja hata mgongo hakina, nikawasaidia kupakia. Mama wa chai akanitengea kikombe alichokipaka alama ya rangi nyekundu chini. Nikakiona, nikakiweka, nikachukua kikombe cha fundi betri kilichokuwa bado na chai yake nusu, nikainywa yote mbele ya mama huyo. Alama ile haikuonekana tena. Mwenye gereji akaja na maneno ya upole: labda ningehamia nyuma, karibu na choo, kuna kivuli kizuri, kwa ajili ya amani. Nikamwambia amani yangu iko hapahapa mlangoni, na kama kivuli cha chooni ni kizuri hivyo, ahamishie ofisi yake. Alikwenda zake. Hakurudi na hoja hiyo.

Fundi betri, baada ya kuporwa chai, alitoweka siku moja nzima. Kumbe alikwenda kliniki kumuuliza nesi kwa mdomo wake kama ni kweli mtu anayemeza dawa hivyo haambukizi. Alirudi ameshiba habari, na mnajua habari ikimfikia yeye. Kufika jioni hata wapaka rangi walikuwa wanajua maana ya virusi kutoonekana, wanabishana kana kwamba ni mpira wa miguu. Kesho yake alileta kiti cha pikipiki yake nikishone upya, na kilipokwisha akakikalia palepale chini, mbele ya wateja, akanywea chai juu yake. Siku zote nilikuwa nalilaani lile domo. Safari hii nililiombea uzima.

Presha alihamia kwa muda gereji nyingine ya ndugu yao. Mistari ya chaki ikabaki ukutani, thelathini na nne. Nilikuwa naitazama bila kutaka. Mara nyingine nilikuwa namaliza kuhesabu siku zake kichwani, kisha najitukana.

Akarudi siku ya tisini na moja, saa tano asubuhi. Amenenepa kidogo. Shati lile la pasi. Alipita katikati ya yadi moja kwa moja mpaka kwenye meza yangu, na mkononi ana karatasi ameikunja mara nne.

"Fundi," alisema, na macho yake yalikuwa yanalengalenga machozi kwa furaha. "Fundi, tumepona."

Nilikuwa nashona kiti cha nyuma cha gari la watu saba, ngozi nene, mshono wa mwisho. Nilikuwa bado nampenda. Hayo hayakuondoka na hasira, ingawa niliyafukuza kila siku.

"Tumepona nani?" nikauliza.

"Mimi. Sisi. Cha mwisho hiki, nesi amesema sina haja ya kupima tena." Akaikunjua, akaiweka mbele yangu, akainyoosha kwa kiganja. "Nimekosa, najua. Dada nimeshamwambia. Jumapili nije?"

Nikaisoma karatasi yote, mpaka muhuri. Nilifurahi kwa ajili yake, kweli. Hata mtu aliyekukosea hupendi aishi na hofu ile.

"Presha," nikasema, "ingeandikwa vingine hapa, ungekuja kunionyesha?"

Akafungua mdomo. Akatazama karatasi, kana kwamba jibu nalo liliandikwa humo mahali fulani chini. Nilimpa muda. Nilimpa muda mrefu kuliko niliowahi kumpa mtu yeyote, na wote wawili tulisikia fundi betri kule ndani akijifanya anagonga kitu.

Akainyoosha karatasi tena kwa kiganja.

Nikaikunja karatasi yake mara nne kama ilivyokuja, nikamrudishia mkononi, nikashusha mguu wa cherehani kwenye ngozi.

"Sogea kidogo," nikamwambia. "Unanizibia mwanga."